Saksafoni ya Monappa, Mwezi wa Aati

Aati imeingia na harusi zimefungwa.
Hakuna anayeoa kusini mwa Udupi
mvua ikinyesha hivi, kama mtu anayedai deni,
kwa hiyo wapulizaji wote wananikumbuka mimi.

Nilikwambia weka hapo. Si hapo penye gundi. Hapo.
Uliileta imeviringishwa shuka la kitandani
kama mtoto mwenye surua,
ukasema, "Jalajakshi, ina kikohozi kidogo."

Kidogo!
Ulipoondoka nilizima taa,
nikateremsha kibalbu kwa waya, kooni hadi tumboni,
nikabana vifuniko vyote kwa vidole:
mwanga ulichungulia mahali saba.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Wewe hukuziba wala hukujenga,
uliongeza pumzi tu,
miaka miwili unasukuma hewa ya watu wawili
kwenye bomba la mtu mmoja,
halafu unashangaa mishipa ya shingo.

Nikaigeuza, kikaanguka cha kuanguka:
mchele wa manjano, ule wanaorushiwa maharusi,
punje arobaini na tatu
(nilizihesabu, mvua haikuwa na haraka),
pini ya sari,
asumini moja iliyokauka kama ukucha,
na fukusi, mzima, mnene,
aliyekuwa akila ngozi ya kifuniko
cha noti ya chini kabisa.
Ndiyo maana hukuipiga siku ya binti yako.
Nilikuwepo. Nilikusikia ukiiruka
kama mtu anavyoruka ngazi iliyooza nyumbani kwake,
bila kutazama.

Sasa sikiliza, maana sirudii.
Ukimaliza kupiga usikimbilie jani la mgomba na chakula chako.
Vuta kitambaa ndani mara tatu. Mate yakilala humo
huamka yakiwa kutu ya kijani.
Tete litoe, lifute, lilaze mahali bapa,
usiliache limechomekwa kama mswaki.
Koki ya shingoni ipake mafuta yake, siyo ya nazi, Monappa.
Najua mama yako alipaka nazi kila kitu,
nywele, bawaba, hadi baiskeli.
Kifuniko kikinata usikivute kwa hasira:
chomeka karatasi ya sigara, bonyeza, achia,
karatasi inywe unyevu.
Faida nyingine ya sigara siijui,
na mume wangu hakuishi kunitajia.

Siku tisa nimekuwa nayo.
Springi za bluu, nyembamba kuliko sindano,
mbili zilinichoma, moja nimeipoteza sakafuni,
nimekutilia mpya.
Ngozi ya mwanambuzi, duara ishirini na nne.
Lakiri niliiyeyusha juu ya moto wa spiriti
na nyumba nzima ikanuka kama ofisi ya posta.

Pale panapokaa gumba la kulia
shaba imeliwa, pana kishimo.
Gumba lako nene halikukichimba.
Nilijaribu langu, nalo halikuenea.
Nadhani ni la Thaniya, baba yako,
aliyepiga lango la hekalu akiwa na homa.
Nimesugua kote. Pale sikusugua.

Jioni niliipuliza mwenyewe.
Ndiyo, mimi, na sari yangu ya jikoni, mlango wazi.
Noti ya chini kabisa ikatoka
nzito, kama gunia la chumvi linaloburutwa sakafuni,
na vikombe vya chuma rafuni vikaitika.
Dirisha la pili likafunguka,
Girija akatoa kichwa mvuani:
"Nani huyo anaoa mwezi wa Aati?"

Nikamwambia hakuna.
Nikaipuliza tena.

Njoo Ijumaa. Rupia mia tisa, na uje na sanduku lake,
usiniambie limepotea.
Lile shuka nimelifua, lakini halijakauka.